Ploti kwa Wakili, Nyumba kwa Mdomo

Katika hati ya mshahara ya kila mwalimu wa umma nchini Kenya pana mstari mmoja uliozua maneno mengi kuliko mingine yote. Ni ule wa ada ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato. Ada hiyo ililetwa na Sheria ya Fedha ya 2023, ikabatilishwa na Mahakama Kuu mwezi wa Novemba mwaka uo huo, kisha ikarejea katika vazi jipya la Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa sahihi Machi 2024. Magazeti yameijadili, wabunge wameizozania, majaji wameitolea hukumu. Sina nia ya kuuchochea upya moto huo leo. Ninachotaka kutazama ni nyumba nyingine, ile ambayo mwalimu huyo huyo anaijenga mwenyewe kwa kile kinachosalia chini ya mstari huo, na ambayo haijadiliwi na yeyote.

Maana tusidanganyane, mpenzi msomaji. Walimu wengi ninaowajua hawangojei kukabidhiwa funguo za orofa ya serikali. Wanajenga kwao. Mmoja anajenga Kitengela, mwingine Kakamega hatua chache kutoka kaburi la babake, na wengine, hasa wale waliokwisha kupita miaka hamsini, wanajenga nyumba ya pili: vyumba viwili kando ya nyumba yao, vya kumtoa mama mzee katika nyumba inayovuja. Fedha ni za chama cha akiba na mikopo. Mkopo hulipwa kwa miaka mingi, ukikatwa moja kwa moja mshaharani mpaka ibakie ile thuluthi ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu iguswe. Aghalabu hilo ndilo deni kubwa kuliko yote katika maisha ya mwalimu. Ajabu ni kwamba hapana deni tunalolitumia kwa uzembe wa maandishi kama hilo.

Tazama jinsi tunavyonunua ardhi. Mwalimu anayetaka ploti ya futi hamsini kwa mia huenda kwanza katika masjala ya ardhi kuhakikisha mwenyewe ni nani. Huenda kwa wakili. Huandikiana na muuzaji, hutia sahihi mbele ya shahidi, hupiga nakala tatu na kuificha moja chini ya godoro. Hafanyi hayo kwa sababu ni mwenye hekima kuliko wenzake, sheria imemlazimisha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inasema kwamba mtu hawezi kushtaki kwa msingi wa mapatano ya kuuziana ardhi ila mapatano hayo yawe yameandikwa, yametiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Ujenzi haumo katika sharti hilo. Mapatano ya mdomo baina ya mwenye nyumba na fundi ni mkataba halali kabisa, na kwa kuwa ni halali, tumetosheka na mdomo. Ploti ya laki nne ina karatasi kumi. Nyumba ya milioni mbili inayosimama juu yake haina hata moja.

Mwalimu mwenzangu, ambaye sitamtaja kwa kuwa bado analipa, aliamua kumjengea mamake nyumba ya vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, upande wa Machakos. Fundi alikuwa mshiriki wa kanisa lake, tena alikuwa amejenga nyumba mbili nzuri pale jirani. Vifaa vingenunuliwa na mwalimu. Fundi angelipwa leba, Sh180,000. Walipatana wakiwa wamesimama chini ya mwembe, wakanywa chai, wakapeana mikono. Kufikia wakati kuta zilipofika kwenye linta, fundi alikuwa amekwisha kupokea Sh130,000: kidogo kwa karo ya mtoto, kidogo kwa matanga, kidogo kwa kuwalipa watu wa mkono kila Jumamosi. Kisha akapata kazi ya orofa mjini. Hakutoroka, la hasha. Akipigiwa simu alipokea, akasema, "Nakuja wiki ijayo, mwalimu." Mvua ya Novemba ikazinyeshea kuta zisizo na paa.

Alipokuja hatimaye, wakabishana. Je, leba ya Sh180,000 ilihusu plasta au haikuhusu? Fundi alishikilia kwamba walitaja msingi, kuta na paa tu. Mwalimu alishikilia kwamba waliongea juu ya nyumba nzima, hadi rangi. Niliitwa kuwasikiliza, na kilichonitatiza ni kuwa sikuona aliyekuwa akisema uongo. Kila mmoja alikuwa amesikia chini ya ule mwembe kile alichotaka kukisikia.

Yawezekana kuipeleka kesi kama hiyo kortini. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwezi wa Aprili 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuyaamua katika siku 60. Mtu aweza kujisimamia bila wakili, na mwamuzi hafungwi na kanuni zote za ushahidi kama ilivyo katika korti nyingine. Kwa mtu wa mshahara hiyo ni neema. Lakini swali la kwanza la mwamuzi litakuwa lile lile: mlipatana nini? Hapo mwalimu atatoa simu yake na kuonyesha ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe huo wathibitisha kwamba pesa zilitoka kwa huyu zikamfikia yule, siku fulani, saa fulani. Hauthibitishi kwamba zilikuwa za linta na si za plasta, wala hausemi jengo lilitakiwa kuwa limefika wapi siku hiyo. Tumekuwa taifa la watu wenye risiti za kila shilingi na wasio na mapatano ya hata moja.

Mkataba ninaouzungumzia si lazima uwe wa kurasa arobaini. Hao wanakandarasi wakubwa wa barabara na mahoteli wana fomu zao, nasi hatuzihitaji zote. Kuna jambo moja tu la kuazima kwao, na laiti mwenzangu angaliliazima. Wao hawalipi kwa siku wala kwa huruma. Hulipa kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, na kila wanapolipa hubakiza sehemu, aghalabu asilimia 10 ya malipo hayo. Nusu ya kilichobakizwa hutolewa jengo likikabidhiwa. Nusu ya pili hungoja miezi kadhaa, mara nyingi sita, mpaka kasoro zijitokeze na zirekebishwe. Kwa leba ya Sh180,000, hiyo ni Sh18,000 zinazobakizwa kidogo kidogo, na Sh9,000 za mwisho zinazosubiri mvua. Si fedha nyingi. Lakini fundi anayejua kwamba kuna Sh9,000 zake zinazongoja kuonekana kama paa litavuja huupiga msumari wa mwisho kwa makini kama alivyoupiga wa kwanza.

Hatua nazo zigawanywe sawasawa na kazi yenyewe: msingi, kuta hadi linta, paa, plasta na sakafu, milango, madirisha na rangi. Nionavyo mimi, nyumba nyingi hukwama pale kuta zinapokwisha kwa sababu kuta huenda mbio na huonekana, na mwenye nyumba akiona mawe yanapanda hufurahi akalegeza mkono. Umaliziaji ni kazi ya polepole, ya jasho lisiloonekana barabarani. Ikiwa fedha nyingi zimekwisha kulipwa wakati wa kuta, nani atarudi kupiga plasta kwa kilichobaki?

Kisha kuna mambo ambayo hayana budi kuandikwa ingawa huonekana ni ya fundi peke yake. Zege la nguzo na linta, kwa mfano. Kipimo kilichozoeleka ni kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, na vyote vipimwe kwa chombo kile kile, isiwe saruji kwa mfuko na mchanga kwa jicho. Zege halikauki kama nguo iliyoanikwa. Ugumu wake hutokana na maji kushikana na saruji, na kazi hiyo huchukua majuma. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu zake siku ya 28. Likiachwa chini ya jua la Januari bila kumwagiwa maji juma la kwanza, uso wake hufanya nyufa na vumbi, na nguvu ulizozinunua kwa bei ya saruji ya leo hazipatikani tena. Katika makubaliano mengi ya mdomo, maji hayo hayana mwenyewe. Fundi hudhani mwenye nyumba ataweka mtu wa kumwagilia. Mwenye nyumba, ambaye huja Jumamosi pekee kwa kuwa Jumatatu hadi Ijumaa yumo darasani, hudhani fundi anamwagilia. Mstari mmoja ungetosha: ni nani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi.

Ama udongo, huo una kesi zake. Anayejenga Kitengela, Athi River au Mwea atakuta udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ukiinua na kushusha msingi kama kifua cha mtu anayehema. Haujengewi juu yake hivi hivi. Huchimbwa ukaondolewa, au msingi hushushwa mpaka kwenye tabaka gumu. Ni futi ngapi? Hakuna ajuaye kabla ya jembe kuingia. Kwa hivyo iandikwe tangu mwanzo: kina kikizidi kile tulichokitarajia, kila futi ya ziada italipwa kiasi gani. Bila mstari huo, fundi ana njia mbili, kudai nyongeza na kuitwa mwizi, au kunyamaza na kujenga juu ya udongo mweusi.

Na kwa wale wanaomjengea mzazi, ramani yenyewe ni sehemu ya mapatano. Tuna desturi ya kuichukua nyumba yetu, kuipunguza, na kuiita nyumba ya mama. Mama wa miaka 78 hahitaji nyumba yetu iliyopunguzwa. Anahitaji mlango usio na ngazi, wenye upana wa kutosha kupitisha kiti cha magurudumu siku itakapobidi, basi upana usipungue sentimita 90. Anahitaji choo kilicho hatua chache kutoka kitandani, si kile cha nyuma ya migomba, sakafu isiyoteleza, kishikio kilichofungwa ukutani kabla ya vigae. Mambo haya ni rahisi yakiwa katika ramani na ghali yakikumbukwa baada ya plasta. Isitoshe, yakikumbukwa baadaye huwa chanzo cha ugomvi wa aina ya pili: mwenye nyumba akiona anaomba jambo dogo tu, fundi akiona anabomolewa kazi yake bila malipo. Kila badiliko liandikwe na bei yake siku linapoombwa.

Huenda msomaji akaniambia kwamba nazungumzia nyumba ndogo mno kuhangaikiwa hivi, na kwamba hatari ya ujenzi mbovu iko katika orofa za mijini. Ni kweli kwamba majina tunayoyakumbuka ni ya huko. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la orofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua karibu watu 50. Tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, wanafunzi wakiwa ndio kwanza wameingia darasani, jengo la shule moja ya msingi pale Ng'ando, Dagoretti, liliwaporomokea watoto na wanane wakafa. Sisi walimu hatuwezi kulisahau la pili. Baada ya kila msiba tunakumbushwa kwamba pana Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, inayotakiwa kusajili wanakandarasi na kuwatambua mafundi wenye ujuzi. Na kwamba Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kila ujenzi uwe na idhini ya kaunti. Yote hayo ni mema. Anayejenga na aiombe idhini hiyo, na fundi aulizwe cheti chake bila aibu. Lakini jicho la serikali hutazama kutoka mbali. Afisa wa kaunti haji kijijini Jumanne saa nne kuhesabu makarai ya mchanga. Jengo la orofa sita na nyumba ya mama hutiwa zege na mikono ile ile, na tabia ya kuchanganya kwa jicho hujifunzwa katika nyumba ndogo kabla ya kupandishwa orofani.

Sitaki nionekane nawapiga vita mafundi. Nimeketi nao vya kutosha kujua upande wao, nao una uzito. Fundi hufanya kazi na mtu ambaye mwezi wa Januari fedha zote za ujenzi humezwa na karo. Huambiwa asimame majuma matatu, mkopo ukingojewa, huku watu wa mkono wakimdai yeye. Hubadilishiwa ramani katikati ya kuta kwa sababu mke wa mwenye nyumba ameona dirisha zuri kwingine. Akikimbilia orofa mjini hakimbilii anasa, anakimbilia chakula. Wengi wao hawajawahi kushtaki mtu, wala hawana ujumbe wa simu wa kuonyesha, kwa kuwa ahadi waliyopewa haikutumwa kwa simu. Mkataba ulioandikwa humfunga mwenye nyumba pia: akichelewesha vifaa au malipo kwa zaidi ya siku kadhaa, fundi ana haki ya kuondoka na kulipwa alichokifanya. Kwa hakika nadhani fundi mwaminifu ana haja ya karatasi hiyo kuliko mwalimu, ambaye angalau mshahara wake waja mwisho wa mwezi.

Wapo wanaosema kuandikiana ni tabia ya kigeni na kwamba wazee wetu walijenga kwa kuaminiana. Wazee wetu hawakujenga na mgeni. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, ameeleza jinsi nyumba ya Mgikuyu ilivyojengwa na kukamilika kwa siku moja, marafiki na majirani wakisaidia, wanaume wakileta miti na wanawake nyasi za kuezeka. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na mashahidi ishirini na zaidi. Wote walijua imeahidiwa nini, na mwenye kuzembea leo alijua kwamba kesho zamu ya nyumba ni yake. Kijiji kizima kilikuwa mkataba. Sisi tumeubakiza mkono wa kupeana na kuwafukuza mashahidi. Tunaingia chini ya mwembe wawili peke yetu, na fundi ametoka kaunti nyingine.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu wa Kiswahili. Mikataba michache ya ujenzi niliyopata kuiona mikononi mwa watu wa kawaida iliandikwa kwa Kiingereza, ikiwa imenakiliwa kutoka mahali fulani, yenye maneno ambayo hata mwenye nyumba hakuweza kunifafanulia. Fundi alitia sahihi kwa sababu alionyeshwa pa kutia. Karatasi ya namna hiyo haina faida kubwa siku ya ugomvi kuliko mwembe. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi hii. Msamiati tunao wote, na fundi anaujua kuliko sisi: msingi, nguzo, linta, nondo, kokoto, plasta, kenchi. Kinachokosekana ni mtu wa kuupanga katika sentensi zisizo na maana mbili, na hiyo ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya. Nimesahihisha barua rasmi, kumbukumbu na tahariri kwa maelfu. Sijawahi kusahihisha mkataba baina ya mwenye nyumba na fundi. Muhula ujao kidato cha tatu changu kitaandika mmoja, na kila mwanafunzi atatakiwa kuupeleka kwa fundi wa mtaani kwao, amsomee kwa sauti, kisha arejee na sentensi zote ambazo fundi alizielewa kinyume. Ninashuku kwamba mabao makubwa yatatoka kwa wale ambao wazazi wao ni waashi.

Nina neno la mwisho kwa wenye fedha. Vyama vyetu vya akiba na mikopo humtaka mwanachama alete wadhamini, hati za mshahara na akiba ya kutosha. Kama mkopo ni wa ploti, baadhi hutaka kuona mkataba wa kununua. Mkopo ukiwa wa kujenga, fedha hutumwa zote kwa siku moja katika akaunti ya mtu ambaye hana ramani, hana makadirio ya vifaa wala maandishi na fundi wake, na wadhamini wake wanne hulala usingizi wakidhani nyumba inajengwa. Kwa nini mkopo huo usitolewe kwa hatua tano zile zile, kila hatua ikifuata cheti cha mhandisi au msanifu wa ujenzi aliyeitazama kazi kwa macho yake? Ada ya kumleta mtaalamu huyo mara tano ni ndogo ikilinganishwa na riba ya mwaka mmoja kwa fedha zilizokwisha kuliwa na kuta zisizo na paa. Mimi ni mjumbe katika chama chetu, na nimekwisha kuiandika hoja hiyo kwa ajili ya mkutano wa mwaka, pamoja na kielelezo cha mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Mwanachama aliye na kielelezo bora kuliko changu na akilete kabla ya ajenda kuchapishwa.